Kimea Kilichopitishwa Motoni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi niliyoichagua haitaki hasira. Protini ukiiharakisha inakufa. Ukiipasha moto inakufa, ukiitikisa hadi itoe povu inakufa, na ukiiacha mezani ukaenda kupiga soga na wenzako, utarudi uikute palepale, inaonekana vilevile, lakini haifanyi kazi tena. Mama yangu aliposikia habari hizo alisema basi Mungu ana utani, kunipa mimi kitu cha namna hiyo nikilee.

Mwaka huo nilikuwa na ruhusa ya masomo kutoka chuo ninachofundisha hapa Sumbawanga. Chuo kikuu nilichokuwa nasoma kiko mbali, ila msimamizi wangu alikubali kazi ya maabara niifanyie hukuhuku nyumbani, kwa sababu nilichokuwa nakitafiti kiko huku. Nilikuwa natafiti kimea cha ulezi. Ulezi ukilowekwa, ukafunikwa mpaka uchipue, kisha ukakaushwa na kusagwa, ndio unaitwa kimea, na kila mama wa Ufipa anayepika pombe au togwa anajua kwamba bila hicho, uji utabaki uji hata ukiukodolea macho wiki nzima. Ndani ya seli za mbegu iliyochipua mna protini ambayo kazi yake ni kukata wanga kuwa sukari. Protini ya kufanya kazi kama hiyo tunaiita kimeng'enya. Mimi nilitakiwa kuitoa ndani ya seli, niitenganishe na wenzake wote iliozaliwa nao, niipate peke yake, na iwe bado ina nguvu zake.

Msimamizi alitaka kimea kinachojulikana kilikotoka, mbegu moja, shamba moja, mkono mmoja. Sikuhitaji kutafuta. Mama yangu amekuwa akitengeneza kimea tangu sijazaliwa. Mimi mwenyewe nimesoma kwa vyungu vyake. Kijijini kwetu, arusi ikikaribia, wanakuja kumwomba yeye kwanza kabla ya kumwomba padri tarehe, maana kimea chake kikiingia chunguni pombe haigomi.

Nikampigia simu. Nilimwambia wataalamu wanataka kupima kimea chake, anitumie kilo nne. Akauliza ni wataalamu wa wapi, nikamwambia wa chuo kikuu. Nilikuwa na haraka, sikumbuki haraka ya nini, nikaaga na kukata. Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi. Haikufika dakika mbili.

Mzigo ulikuja na gari linalopanda kutoka bonde la Ilemba, ambalo hupita kijijini kwetu kabla ya kufika mjini. Kondakta alinikabidhi kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi. Ndani, kimea kilikuwa safi mpaka nikaona aibu kukichota kwa mikono yangu. Vijizizi vyote vilikuwa vimesuguliwa vikatoka, kimepepetwa, hakuna ganda wala kijiwe, na kilikuwa na harufu tamu iliyonikumbusha jikoni kwetu. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu, mshikaji wangu wa siku nyingi, nikamwambia, ona kazi ya mama. Nilijivuna kweli.

Maabara yetu ni chumba kimoja chenye madirisha yanayotazama uwanda. Huko chuo kikuu wana chumba cha baridi, unaingia na koti unafunga mlango nyuma yako. Mimi nilikuwa na Ufipa. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya hapa si ya kuhadithiwa, na upepo wa asubuhi unapita pale dirishani kama una shughuli yake humo ndani. Kwa hiyo nilikuwa natoka nyumbani kwangu Katandala alfajiri kwa bodaboda, nimejifunga khanga mbili juu ya koti na kofia ya sufu, nafika, nafungua madirisha yote, halafu naanza kazi. Mpaka jua linagusa meza, mambo yanayotaka baridi yawe yamekwisha. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, baridi ilikuwa haikatiki.

Kazi yenyewe ukiisimulia inaonekana kama mapishi. Unasaga kimea pamoja na maji ya baridi yenye chumvi, yaliyopimwa uchachu wake, ili seli zipasuke zimwage vilivyomo. Unachuja kwa kitambaa. Unaweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, makapi yanashuka chini, yanabaki maji ya rangi ya chai hafifu. Humo ndimo protini zote zilimo, za kila aina. Halafu unatia chumvi nyingine, kidogo kidogo, unakoroga pole pole, mpaka protini zinaanza kujitenga na maji kama maziwa yanayokatika. Unazikusanya, unaziweka ndani ya kimfuko cha utando, unakitumbukiza kwenye maji baridi ili chumvi itoke na protini zibaki. Mwisho unazipitisha kwenye bomba la kioo lililojazwa vipunje ambavyo vinashika protini hii na kuiachia ile, nawe umekaa chini yake unakinga matone kwenye vichupa, kimoja baada ya kingine. Kutoka kusaga mpaka tone la mwisho ni siku tatu.

Na kuna kipimo cha kujua kama ulichokipata ni kizima. Unachukua maji ya wanga, unatia matone ya protini yako, unasubiri, kisha unadondosha iodini. Wanga ukiwa bado upo, rangi inakuwa ya buluu nzito, karibu nyeusi. Kama kimeng'enya kimefanya kazi, buluu haitokei. Yanabaki maji ya manjano ya iodini tu.

Mara ya kwanza nilipata buluu. Nikasema ni ugeni wa mikono. Mara ya pili buluu, nikalaumu umeme, maana ulikatika mashine ikiwa katikati ya mzunguko. Mara ya tatu nilifanya kila kitu kama niliyebeba mayai, sikuongea na mtu siku tatu, hata shikamoo za wanafunzi nilizijibu kwa kichwa. Nikadondosha iodini katika kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha ishirini. Vyote buluu. Nilikaa kwenye stuli nikalia, na sioni haya kulisema.

Bomba la kioo na vipunje vyake vilikuwa vya kuazima, vinatakiwa virudi chuo kikuu mwisho wa Julai. Ruhusa yangu ya masomo nayo ilikuwa inaishia hapohapo. Nisingepata protini ile, basi shahada ingebaki hadithi, na mimi ningerudi darasani kufundisha vitu nilivyoshindwa kuvifanya.

Kwa kukata tamaa nikaenda sokoni, nikanunua kimea cha mama mmoja aliyekuwa anauza na dagaa wa Kabwe, kimea cha kuchanganya tu, kina ganda na vumbi. Nikakisaga, nikakichuja, sikukipitisha hata kwenye bomba. Nikatia kwenye wanga, nikadondosha iodini. Manjano. Nikarudia. Manjano tena.

Kumbe mikono yangu haikuwa na kosa. Nakiri nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na ubaya ndani yake, kwa sababu palibaki mtu mmoja tu wa kulaumiwa. Nilikaa nikamwandikia msimamizi taarifa. Nikaeleza kwamba kimea cha sokoni, sampuli ya kwanza, kina nguvu, ila sampuli ya pili haina nguvu yoyote, na sababu inayoelekea kuwa ndiyo ni kwamba aliyeitengeneza hana ujuzi wa kutosha wa kazi hiyo. Niliandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza sentensi ile ilikaa vizuri, haikuwa na uso wa mtu. Nikaituma.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kijijini. Nilijiambia naenda kusalimia, lakini ukweli nilikwenda kumwangalia mama yangu kama amezeeka, kama mkono umeanza kupoteza kazi bila sisi kujua. Nilikuwa na huruma ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

Nilimkuta jikoni, amerudi misa ya kwanza, ana maandalizi ya sherehe ya jumuiya yao. Nilimwamkia, akanijibu kwa Kifipa, akanipa kigoda. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji mzito wa mahindi, kijiko kimesimama katikati. Alichovya kidole, akakitoa, akasema bado. Tukaongea habari za nyumbani. Akachovya tena, akasema sasa. Akachota kimea kwa ncha za vidole vitatu, akanyunyiza, akakoroga. Hatukumaliza hata habari za mjomba, uji ukalegea. Kijiko kikalala chenyewe ukingoni mwa bakuli. Alipokiinua, uji ulitiririka kama maji.

Nilikuwa nikimwona akifanya vile tangu niko mtoto, nikidhani anaonja. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba anapima. Hakuwa na iodini, alikuwa na bakuli la uji, na kipimo chake kilikuwa hichohicho changu. Nikamuuliza kwa nini anasubiri kwanza uji upoe. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini watu wanavua viatu wakienda kulala. Akasema uji ukiwa unaunguza, kimea kinakufa.

Nikamuuliza kama kile alichonitumia mimi nacho alikipima hivyo.

"Nisikipime kwa nini?" alisema. "Nilikipima vizuri, kabla sijakipitisha motoni."

Nilimwomba anieleze moto gani, na akanieleza kwa raha, maana ilikuwa kazi aliyoifanya kwa moyo. Alikipitisha kwenye kikaango, kidogo kidogo, kwa moto mdogo sana, akigeuza kwa mkono mtupu mpaka mkono unakataa, ili kisibadilike hata rangi. Siku mbili nzima. Mimi mwenyewe nilimwambia kwenye simu kwamba kinakwenda kupimwa na wataalamu, na yeye anajua mambo ya kupimwa. Miaka ya nyuma bwana afya alikuja kupima vitu vyake, akakuta fukusi mmoja kwenye kimea, mmoja tu, akamsema mbele za watu mpaka wakati wa kuondoka akawa bado anasema. Tangu hapo, kitu cha kwenda kwa wakubwa hakiendi kibichi. Mama hakutaka mwanawe asimame mbele ya maprofesa na kimea chenye mdudu au kilichoota ukungu njiani.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Majuma sita, alfajiri zote zile, machozi juu ya stuli.

"Mama, umekiua," nilisema.

Alitazama bakuli, akatazama kidole chake alichokuwa anapimia, na nikaona linamwingia bila mimi kufundisha. Yeye ndiye aliyenifundisha dakika tano zilizopita. Uso ulimwanguka, na hasira zangu zote zikaniacha pale pale, nikabaki na aibu.

"Kumbe ulitaka kile cha kufanya kazi," alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema."

Hakukaa kulia kama mimi. Alisimama, akateremsha ulezi wa mbegu kutoka darini, ule ambao haugusi kwa pombe wala kwa uji, akaupima kwa bakuli na kuuloweka saa ileile. Nilimwambia zimebaki wiki mbili na nusu. Akasema ulezi hausomi kalenda, na kwa baridi hii utataka siku nne kuchipua badala ya tatu, lakini atalala nao. Nilidhani ni msemo. Baadaye dada yangu aliniambia kweli alilala nao, kikapu miguuni, ndani ya blanketi.

Siku ya tisa akaja mwenyewe. Hakumwamini kondakta. Nilimkuta stendi amekaa juu ya begi lake, kimea, kilo mbili, kimo ndani ya kitenge mapajani, kichafu, kina vijizizi vyake vyote, kinanuka ubichi. Nilikaribia kukibusu.

Siku tatu zile alilala kwangu Katandala na kila alfajiri tulikuja naye maabara. Nilidhani atachoka. Alikaa kwenye stuli amejifunga blanketi, anatazama, na wanafunzi wakipita wanamwamkia anawajibu kama mwenye nyumba. Alipenda hatua ya kuchuja, akasema kitambaa changu kina macho makubwa. Hakupenda mashine ya kuzungusha, ilimtia wasiwasi. Nilipotia chumvi na protini zikaanza kujitenga, alisogea karibu kabisa, akaniambia nisiende mbio. Mara tatu aliniambia nisiende mbio, na mara zote tatu nilikuwa naenda mbio.

Siku ya tatu, jua likiwa halijagusa meza, nilipanga vichupa vya wanga, nikatia matone, tukasubiri. Nikadondosha iodini. Kuanzia kichupa cha kwanza hadi cha nane buluu. Cha tisa, buluu hafifu. Cha kumi, manjano. Cha kumi na moja, manjano safi kama mkojo wa ng'ombe, na hilo si langu, alilisema mama. Cha kumi na mbili, manjano bado, na kuanzia cha kumi na tatu buluu ikarudi. Protini yangu ilikuwa imejikusanya mahali pamoja kama inavyotakiwa, na ilikuwa na nguvu kuliko chochote nilichokipata sokoni.

Nilivimimina vile vitatu pamoja. Havikujaza hata vijiko viwili vya chai, maji meupe tu ya kung'aa. Mama akauliza kilo mbili zote ndizo zimekuwa hizi, nikasema ndizo. Akasema basi hajaona. Manjano yangu na buluu yangu hakuvikatalia, ila yeye ana kipimo chake. Akatoa chupa ya chai kwenye begi, ndani alikuwa na uji mzito wa asubuhi, akamimina kwenye kikombe na kusimamisha kijiko.

Kila tone la protini ile nilikuwa nalihitaji kwa vipimo vilivyobaki, na msimamizi angenisikia angenicheka au angenifukuza. Nilimsubiri mama achovye kidole. Akasema bado. Akasema sasa. Nikatia matone matano, nikakoroga, tukatulia wote wawili tukitazama kijiko. Kikainama, kikalala.

Mama alitikisa kichwa akicheka bila sauti. Alitaka kuunywa, nikamzuia kwa sababu ya chumvi za maabara, akanung'unika kwamba watu wenye elimu wanamwaga chakula. Alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia kila kitu. Kwamba kabla sijaenda kijijini nilimwandikia msimamizi wangu kuwa kimea kile hakina nguvu kwa sababu aliyekitengeneza hajui kazi yake.

Alikisuuza kikombe pole pole, akakifuta, akakirudisha kwenye begi.

"Uliandika jina langu?"

"Hapana. Niliandika sampuli ya pili."

"Mimi ndiye sampuli ya pili."

"Ndiyo."

"Na yule wa sokoni?"

"Ya kwanza."

Nje wanafunzi walikuwa wanakwenda darasani. Nilitamani anigombeze, angalau nijitetee. Sikupata nafasi hiyo. Nikachukua simu, nikamwandikia msimamizi mbele yake, kwa Kiswahili safari hii, nikamsomea mama kabla ya kutuma. Niliandika kwamba sentensi ile ifutwe, kwamba aliyetengeneza kimea anaijua kazi kuliko mimi, na kwamba kosa ni langu, sikumuuliza wala sikumweleza. Kuhusu kikaango sikuandika kitu.

Mama aliona.

"Andika na la motoni," alisema. "Usinifiche."

Nikaandika, nikatuma. Kisha nikafungua ukurasa mpya katika daftari la maabara na kufanya nilichotakiwa kukifanya katika simu ile ya kwanza. Nikamuuliza anaanzaje, tangu mbegu, hatua kwa hatua, na nikamwambia nitaandika kila neno. Alijifunga blanketi vizuri, akafikiri, akaniuliza kama peni ina wino. Sikutegemea angeanzia pale alipoanzia.

"Andika kwanza hivi," alisema. "Kimea cha kupimwa hakipitishwi motoni. Hata kikienda kwa wakubwa."